Marinda ya Mkono Mwingine

Maneno haya niliyasema mjini Glasgow, Jumamosi moja jioni, mbele ya mafundi cherehani wenzangu wanaozungumza Kiswahili pamoja na familia zao. Waliokosa kufika walinisihi niyaandike, nami nimeyaandika karibu sawa na nilivyoyatamka.

Wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, kaka na dada, mafundi wenzangu, nawasalimu nyote.

Nilialikwa nizungumzie ushonaji wa kilti, lile vazi la wanaume wa Uskoti. Naomba radhi, kwani nitazungumzia jambo lililo jirani yake. Kushona kilti mpya kuna walimu, na Waskoti wenyewe wanaifundisha vizuri. Riziki yangu mimi, kwa sehemu kubwa, imetoka kwenye kilti zilizoshonwa na wengine: kupanua kiuno, kufupisha, kuziba tundu la nondo, kubadilisha bizimu za kufungia kiuno, na kufumua kilichoharibiwa ili kirudi mahali pake. Watu huiona kazi hii kuwa ya pembeni, kazi ya fundi asiyeweza kushona yake. Mimi naiona ngumu kuliko kushona mpya, na nitawaeleza kwa nini.

Kwanza, mizizi. Nimejifunza kusoma mkono wa fundi Tanga, Ngamiani, barazani kwa baba yangu mdogo, kabla sijajua kilti ni kitu gani. Yeye alikuwa mtu wa kanzu. Lakini watu walimletea pia kofia za mkono zilizochakaa ukingo, na kabla hajagusa sindano aliigeuza kofia ndani nje, akavitazama vitobo kwenye mwanga, akasema, "Hii ya mama wa barabara ya kumi na mbili." Hakukosea. Kila mshonaji ana jinsi yake ya kuvuta uzi, ana anavyofunga fundo, ana anapopumzikia. Baba mdogo alitulazimisha tuige mkono wa mwenye kofia hata kama wetu ulikuwa mzuri zaidi. Nilimwona mkali bure. Nimekuja kumwelewa huku, ughaibuni, nywele zikiwa zimeshaanza mvi.

Sasa kilti yenyewe, kwa mliokuwa mnaiona kwa mbali tu kwenye harusi na kwenye bendi za zumari. Msidhani ni sketi ya marinda. Kilti kamili ya mwanamume hula kama yadi 8 za kitambaa cha sufu chenye miraba, yaani zaidi ya mita 7. Mara nyingi fundi hununua yadi 4 za kitambaa kipana, akakipasua katikati kwa urefu, akaunganisha vipande viwili, na ule mshono wa kuunganisha akauficha ndani ya rinda usionekane na mtu. Kitambaa kinachopendwa kina uzito wa kama gramu 400 hadi 500 kwa mita. Ni kizito kweli. Mbele kuna vipande viwili bapa visivyo na marinda, kimoja juu ya kingine, navyo huitwa aproni. Cha juu kinafungwa upande wa kulia, na ukingo wake una matamvua. Nyuma ndiko kwenye marinda, kwa kawaida 25, 27, hata 30, yote yameelekea upande mmoja kama kurasa za kitabu kilichofungwa.

Na hapo nyuma ndipo penye elimu. Marinda yameshonwa kwa mkono kuanzia kiunoni hadi kwenye nyonga, kama sentimita 20, kisha yanaachiwa huru. Kiunoni kila rinda ni jembamba, kwenye nyonga linapanuka, kwa sababu mwili wa mtu ndivyo ulivyo. Tena fundi lazima aamue jinsi ya kupanga mistari. Kuna wanaopanga ili miraba ionekane nyuma vile vile ilivyo mbele, kana kwamba kitambaa hakikukunjwa. Kuna wanaochagua mstari mmoja na kuuweka katikati ya kila rinda. Huo ndio mtindo wa kijeshi; kikosi cha Gordon Highlanders kilijulikana kwa mstari wake wa njano ulioshuka kwenye kila rinda. Askari akitembea, miraba inafunguka na kujifunga kama feni.

Hii nguo ina historia yake na sitaimaliza leo. Mwaka 1746, baada ya vita vya Culloden, ambapo waasi wa Kiskoti walishindwa na jeshi la serikali, serikali ya London ilitunga sheria ya kupiga marufuku mavazi ya wanaume wa nyanda za juu za Uskoti, kilti ikiwemo, isipokuwa kwa wanajeshi. Marufuku hayo yaliondolewa mwaka 1782. Mwaka 1822 mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh akiwa amevaa kilti, na tangu hapo ikawa vazi la heshima la nchi nzima. Nalitaja kwa sababu moja. Mskoti akikuletea kilti ya babu yake haleti nguo tu, na anayeifumua lazima alijue hilo kabla ya kuifumua.

Niwape kisa.

Alikuja kijana, kabla ya harusi yake kwa majuma sita. Alibeba kilti ya marehemu baba yake, imekunjwa ndani ya foronya. Baba alikuwa mwembamba. Kijana alikuwa amemzidi kiuno kwa sentimita 10. Maduka mawili yalikuwa yameshamwambia anunue mpya. Nilimwomba aiache siku mbili niisome, nisiahidi kitu.

Nikafungua bitana kwanza. Hiyo ndiyo kanuni, ndugu zangu: bitana ni mlango, na mlango haubomolewi. Nilikata mshono mmoja mmoja kwa wembe mdogo, nikaugeuza upande wa juu. Ndani nikakuta kanvasi ngumu ya zamani, na chini yake ukanda wa pamba imara uliokatiza kutoka bizimu hadi bizimu. Huo ukanda ndio unaobeba mvuto wote wa kufunga kiuno, ili marinda yasivutwe. Kilti nyingi za bei rahisi hazina ukanda huo, nanyi mtazitambua bila kuzifungua: marinda yanatoa mawimbi juu ya nyonga na uzi unakatika hapo kila mwaka. Hii ilikuwa nao. Nikajua nimekutana na fundi.

Kisha nikaona penseli. Juu ya kanvasi, kwa mwandiko wa kulala, namba tatu: kiuno, nyonga, urefu, kwa inchi. Na kando yake, kwa penseli nyingine na mwandiko mwingine, kiuno kipya, kikubwa kwa inchi moja na nusu. Nikageuza marinda. Uzi wa marinda 20 ulikuwa wa kijani iliyokolea, mishono midogo sana, minne kwenye kila sentimita, imelala sawa kama punje za mtama. Marinda 7 ya mwisho yalikuwa na uzi mweusi, mishono mirefu kidogo. Kumbe nilikuwa mtu wa tatu! Baba aliwahi kunenepa, na kuna mtu alishamfungulia.

Nilikaa kimya muda mrefu mbele ya ile kilti. Yule wa pili alichagua njia ya mkato: alifungua marinda ya upande mmoja tu. Inchi moja na nusu ikaingia yote upande wa kulia. Aproni ya mbele ikasogea, mstari wa katikati ukawa hauko tena katikati ya mtu. Nadhani baba aliivaa hivyo miaka mingi na hakuna aliyesema, lakini picha za harusi zingeonyesha.

Sasa hesabu, na hapa nawaomba mafundi mnisikilize vizuri. Sentimita 10 ni nyingi. Huwezi kuzipata mahali pamoja. Kusogeza bizimu kulinipa 3 bila kuvuta ukingo wa aproni. Ndani ya mkunjo mkubwa uliojificha kando ya aproni kulikuwa na kitambaa cha akiba, nikapata karibu 2. Zikabaki 5 na kidogo. Marinda ni 27. Kila rinda likipanuliwa milimita 2 tu kiunoni, unapata sentimita 5 na milimita 4. Milimita mbili! Jicho la mtu halizioni. Lakini ili uzipate unafumua marinda yote 27, kila moja lina mishono kama 80, yaani zaidi ya mishono elfu mbili, na unaishona upya yote kwa mkono. Huku chini kwenye nyonga upana haubadiliki, kwa hiyo mistari ya miraba inabaki pale pale ilipopangwa na mtu wa kwanza.

Kuna hatari moja. Fundi mzuri wa kilti, akimaliza kushona marinda, hukata kitambaa kinachojikunja nyuma yake sehemu ya juu, ili kiuno kisiwe kinene kama godoro. Amekata kwa ajili ya mteja wake, na hakukuwazia wewe. Ukifungua ukakuta amekata karibu mno na mshono, safari imeishia hapo, na huna la kumlaumu. Huyu wa kwanza alikuwa amebakiza sentimita 2 na nusu kila rinda. Sijui kama alimwazia mtoto ambaye hajazaliwa. Mimi niliona kama ameniwekea akiba.

Nilitumia uzi wa kijani iliyokolea. Nilifupisha mshono wangu, kwa sababu kwa kawaida mimi huenda mitatu na nusu kwa sentimita, na yeye alienda minne. Siku mbili za kwanza vidole vilikataa. Siku ya tatu vikakubali. Namba zake za penseli sikuzifuta, za yule wa pili pia sikuzifuta. Nikaandika zangu chini, na tarehe.

Sasa nondo. Huyu mdudu mnamjua, lakini kwenye sufu ya baridi huku ni balaa zaidi. Anayekula ni kiwavi, si kipepeo. Hupenda penye jasho na mabaki ya chakula, yaani kiunoni ndani na pale mbele ambapo watu humwagia mchuzi. Kilti ikifika kwangu ina dalili, haiingii chumba cha kazi. Inafungwa kwenye mfuko, inakaa kwenye friza kwenye baridi ya chini ya sifuri nyuzi 18 kwa majuma mawili, kisha inatoka na kupigwa brashi mishono yote. Hapo ndipo tunazungumza matundu.

Tundu haliwekewi kiraka. Linafumwa upya. Unachomoa nyuzi kutoka kwenye kilti yenyewe, mahali pasipoonekana: ndani kabisa ya mkunjo mkubwa, au kwenye akiba chini ya bitana. Unapitisha kwanza nyuzi za mtande, zile za urefu, rangi kwa rangi kadiri mraba unavyotaka, kisha za mshindio, zile za kukatiza, mbili juu mbili chini, ili upate ile milia ya mshazari ya kitambaa. Tundu la ukubwa wa punje ya mahindi linaweza kukuchukua asubuhi nzima. Mtu atakuuliza kwa nini usinunue kipande cha tartani ile ile, yaani kitambaa cha miraba hiyo hiyo, dukani. Jaribu uone. Jina moja la tartani hufumwa kwa rangi zilizokolea, kwa rangi zilizofifishwa ziitwazo za kale, na kwa nyingine zinazoiga kitambaa kilichopigwa na jua na mvua. Kiwanda hiki na kile hawana kijani sawa. Hata kiwanda kimoja, rangi ya mwaka huu haifanani na ya miaka 30 iliyopita. Hata ukubwa wa mraba hubadilika kadiri uzito wa kitambaa unavyobadilika. Tangu mwaka 2009 Uskoti ina rejista rasmi ya tartani, unaweza kwenda kuangalia mpangilio wa nyuzi, lakini rejista haiwezi kukurudishia miaka 30 ya jua. Kilti hutibiwa kwa nyama yake yenyewe.

Naomba niseme jambo linaloniuma. Niliwahi kuletewa kilti nzuri sana, nzito, ya mwanamke aliyerithi kwa kaka yake. Duka fulani lilikuwa limeifupisha. Sitalitaja. Walichofanya ni kukata sentimita 6 chini, wakapinda, wakapiga cherehani. Mafundi wenzangu, kilti haina pindo! Ule ukingo wa chini ni ukingo wa kitambaa chenyewe kama kilivyotoka kwenye kitanda cha mfumi. Ndiyo maana marinda yanaanguka mepesi na kuchezacheza. Ukikata, umeua. Marinda yalikuwa yamesimama kama karatasi ngumu, na pindo likatuna kila yanapokunjika. Yule mama aliniuliza kama inawezekana kurudisha. Nilimwambia hapana, na nikamwona macho yake. Sijalisahau jicho lile.

Kufupisha kunafanywa juu. Unaondoa mkanda wa kiuno, unapunguza juu sentimita 2 au 3, unashusha bizimu, unarudisha mkanda. Zaidi ya hapo nyonga ya kilti inapanda na haikai tena kwenye nyonga ya mtu, kwa hiyo ni kufumua marinda na kuyapanga upya, na mteja aambiwe bei yake mapema. Kwa mtoto anayekua ni tofauti: pinda ndani kwa mkono, usikate, usipige pasi kali, ili baada ya mwaka mfumue na kuiteremsha. Urefu wenyewe ni katikati ya goti. Mpime amesimama, anaangalia mbele. Akiinama kutazama futi, umeshakosea.

Kuhusu pasi nitasema kidogo. Piga bandi marinda yote kwanza, yaani yashikize kwa mishono mirefu ya muda, hadi chini, kisha weka kitambaa chenye unyevu, kandamiza, usiburute. Na ujue unachopiga pasi. Kilti nyingi za siku hizi za mashabiki wa mpira na za kukodi ni za nyuzi za kiwandani. Chomoa uzi mmoja uuchome: sufu inanuka nywele zilizoungua na kusagika vidoleni, za kiwandani zinayeyuka na kuwa kishanga kigumu. Fanya hivyo kabla, kwa sababu kitambaa kilichong'aa kwa pasi hakirudi.

Bizimu na kanda za ngozi ndizo zinazokufa kwanza, na ndiyo kazi ya kila juma. Ile tundu ya kushoto inayopitisha ukanda wa ndani hupasuka watu wakijikaza. Iimarishe kwa kipande cha pamba upande wa ndani, shona kuizunguka kama tundu la kifungo, na umwambie mteja, kwa adabu, kwamba kiuno kimeongezeka.

Nirudi kwenye adabu ya kazi. Mteja akiuliza, "Aliyeshona hii alikuwa fundi mbovu?" usijibu ndiyo. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hukujua alilipwa nini, alipewa siku ngapi, mteja alisimama vipi alipopimwa. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa pili hapa, nilisogeza bizimu sentimita 5 upande mmoja kwa mtu aliyekuwa na haraka. Kilti ile iliondoka mlangoni kwangu na aproni imepinda upande wa kulia. Sijui iko wapi. Kuna fundi ataifungua siku moja, ataona uzi wangu. Namwomba anisamehe na aiweke sawa.

Na lebo ya aliyeshona haing'olewi. Nimeona maduka yanang'oa na kuweka yao, kwa sababu tu wamebadilisha kanda. Huo ni wizi, nalisema wazi. Ukitaka kuacha alama yako, iache chini ya bitana kwa penseli, kama wale wawili walionitangulia.

Yule kijana alioa. Alinitumia picha moja, amesimama amegeuka nyuma, bila shaka aliwaomba wampige hivyo kwa ajili yangu. Nilihesabu marinda kwenye simu. Mstari mwekundu ulikuwa katikati ya mgongo.

Nimekuja na kilti tatu, ziko pale mezani karibu na chai. Moja imefunguliwa bitana ili mwone penseli na kanvasi. Ya pili ni ya kiwandani, nimeileta mlinganishe kwa vidole. Ya tatu ina tundu la nondo lililofumwa, na nimeweka sindano yenye uzi mwekundu kwenye kitambaa cha meza. Mafundi, chukueni subana zenu, mje mlitafute lile tundu. Mnawe mikono kwanza, tafadhali, sambusa zina mafuta.